Mataifa Mawili: Wazo la Wakubwa, Likawa la Watu, Likarudi kwa Wakubwa

Mwaka 2012, kampuni ya utafiti ya Gallup iliwauliza Waisraeli kama wanaunga mkono Palestina huru iwepo kando ya Israel huru. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 61. Wapalestina wa Gaza, Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki wakaulizwa swali hilo hilo. Ndiyo, asilimia 59. Yaani kwa wakati mmoja, pande zote mbili, watu wengi walikuwa tayari kugawana. Miaka 11 baadaye, 2023, swali ni lile lile. Wapalestina, 24. Waisraeli, 25.

Nimeanza na namba kwa sababu kila nikiingia mtandaoni napata Wakenya wakichapana kuhusu hii stori kama vile ni debi ya Gor na Ingwe. Huyu ameweka bendera hii kwa jina lake, yule ameweka ile, matusi mawili matatu, wameblokiana, imeisha hiyo. Na kitu cha ajabu ni kwamba wote wawili wanakubaliana kwa jambo moja: "hao wengine hawajawahi kutaka amani." Sentensi hiyo ndiyo inanisumbua mimi. Kama hawajawahi kutaka, hizo 61 na 59 zilitoka wapi? Na zilienda wapi?

Nitakupa jibu langu mapema usije ukalitafuta hadi mwisho. Suluhisho la mataifa mawili lilianza kama wazo la wakubwa, na mwananchi hakuulizwa. Halafu polepole sana, kwa damu nyingi, likashuka likawa la watu. Watu wakaliamini, wakaangalia, wakaona kwa ground mambo ni tofauti, wakaliacha. Leo limerudi kwa wakubwa. Kwenye kumbi za Umoja wa Mataifa linapigiwa makofi kuliko wakati mwingine wowote, na pale linapotakiwa kutekelezwa ndipo lina marafiki wachache zaidi.

Twende 1937. Palestina iko mikononi mwa Uingereza. Waarabu wameanza uasi mkubwa tangu mwaka uliotangulia, wakipinga utawala wa Waingereza na wingi wa Wayahudi wanaoingia wakikimbia Ulaya ya Hitler. London inatuma tume chini ya Lord Peel. Tume inasikiliza, inarudi, na Julai 1937 inatoa ripoti: nchi igawanywe. Wayahudi wapewe Galilaya na kipande cha pwani. Sehemu kubwa iliyobaki iende kwa Waarabu na iunganishwe na Transjordan. Waingereza wenyewe wabaki na Jerusalem na njia ya kufika baharini. Halafu kuna kipengele ambacho watu hukipita haraka. Ili ramani ikae sawa, ilibidi watu wahamishwe: Waarabu kama 225,000 watoke upande wa Wayahudi, na Wayahudi kama 1,250 watoke upande wa Waarabu. Hesabu ya ofisini, kalamu na rula.

Hiyo kalamu sisi huku tunaijua. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Kizayuni ofa ya ardhi Afrika Mashariki. Vitabu huiita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, huko Eldoret ilipo leo. Tume ya watu watatu ikaja kuikagua, na 1905 kongamano la Wazayuni kule Basel likasema hapana asante. Wanandi na Wamaasai hakuna aliyewauliza kitu. Hiyo ni posti nzima ya siku nyingine.

Mpango wa Peel ulikufa haraka. Viongozi wa Waarabu waliukataa kabisa. Wazayuni walibishana vikali kule Zürich na wakakubali kuujadili tu, si kuupokea. Waingereza wenyewe wakauacha, na 1939 wakabadilisha wimbo: sasa iwe nchi moja.

Baada ya vita na maangamizi ya Wayahudi Ulaya, Uingereza ilichoka, ikatupia Umoja wa Mataifa mzigo. Tarehe 29 Novemba 1947, Baraza Kuu lilipigia kura Azimio 181: nchi ya Wayahudi, nchi ya Waarabu, na Jerusalem iwe chini ya usimamizi wa kimataifa. Nchi 33 zilisema ndiyo, 13 hapana, 10 zikajizuia. Afrika yote ilikuwa na viti vinne humo ndani: Misri ikapinga, Ethiopia ikajizuia, Liberia na Afrika Kusini zikakubali. Sisi wengine tulikuwa koloni, hatukuwa na kura.

Usiku huo watu walicheza densi barabarani Tel Aviv. Hata waliotaka nchi yote waliona kupata nchi yoyote si haba. Upande wa Waarabu, ambao walikuwa kama theluthi mbili ya watu na wamepewa chini ya nusu ya ardhi, hakuna aliyecheza. Na ukifikiria vizuri, mzee wa kijiji karibu na Haifa anaamka asubuhi anaambiwa kijiji chake sasa kiko ndani ya nchi ya wengine, kwa kura iliyopigwa New York. Ungemwambia "lakini ni suluhisho la mataifa mawili, mzee" angekuangalia tu.

Vita vikaja. Israel ikatangazwa tarehe 14 Mei 1948. Vita vilipoisha, Wapalestina takriban 700,000 walikuwa wamekimbia ama wamefukuzwa, jambo wanaloliita Nakba, yaani janga. Miaka iliyofuata, laki kadhaa za Wayahudi nao wakaondoka nchi za Kiarabu walikokuwa wameishi vizazi na vizazi, wengi wao kwa kulazimika. Ile nchi ya pili ya Azimio 181? Haikuzaliwa. Jordan ilichukua Ukingo wa Magharibi, Misri ikashika Gaza, kwa miaka 19. Watu husahau hapo. Israel haikuwa peke yake iliyokalia ardhi ambayo ingekuwa Palestina.

Juni 1967, siku sita, Israel ikachukua vyote viwili na zaidi. Baraza la Usalama likatoa Azimio 242, ardhi kwa amani. Neno "Wapalestina" halimo. Kuna "wakimbizi" tu.

Kuanzia hapo ndipo stori inaninogea, kwa sababu ndipo wazo linaanza kushuka chini. Lakini ujue kulitamka tu ilikuwa hatari. PLO, chama cha ukombozi cha Wapalestina, kilitaka nchi yote kuanzia mto hadi bahari. Serikali za Israel, za mrengo wa kushoto na wa kulia, hazikutaka kusikia habari ya nchi ya Palestina, na walowezi walikuwa tayari wameanza kujenga. Sasa, Said Hammami, mwakilishi wa PLO London, aliandika kwenye gazeti la The Times mwaka 1973 kwamba nchi ndogo ya Wapalestina huko Gaza na Ukingo wa Magharibi, kando ya Israel, inaweza kuwa mwanzo wa kuishi pamoja. Januari 1978 akapigwa risasi ofisini kwake. Issam Sartawi, daktari wa moyo na mshauri wa Yasser Arafat, aliendelea kukutana na Waisraeli waliotaka amani. Aprili 1983 akauawa hotelini Ureno. Wote wawili kwa mkono wa kundi la Abu Nidal, Wapalestina wenzao.

Upande wa Israel kulikuwa na Uri Avnery, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge. Julai 1982, jeshi la nchi yake likiwa limeizingira Beirut, alivuka mstari wa vita akaenda kukaa na Arafat. Nyumbani wengine walimwita msaliti. Mwaka 1986 Bunge la Israel likapitisha sheria: kukutana na mtu wa PLO ni kosa la jinai.

Na kulikuwa na Abie Nathan. Huyu jamaa lazima nikae naye kidogo. Rubani wa zamani, mwenye mkahawa Tel Aviv ulioitwa California. Mwaka 1966 alichukua ndege yake ndogo, akaiita Shalom 1, akaruka hadi Port Said, Misri, bila ruhusa ya mtu, eti akaongee na Rais Nasser kuhusu amani. Wamisri walimlisha, wakamlaza, kesho yake wakamrudisha. Kisha akanunua meli, akaiegesha nje ya maji ya Israel ili sheria isimguse, na kuanzia 1973 akarusha redio kutoka baharini, Sauti ya Amani. Muziki wa vijana mchana kutwa, na katikati ujumbe wa amani. Watoto wa Tel Aviv walikuwa wanasikiliza. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye alikuwa mtengeneza maudhui kabla ya intaneti: ukitaka wakusikilize, kwanza wachezee ngoma wanayoipenda. Alikutana na Arafat waziwazi, akafungwa jela 1989, akatoka, akakutana naye tena, akafungwa tena 1991.

Kilichobadilisha hesabu kabisa ni vijana. Desemba 1987 Intifada ya kwanza ilianza Gaza. Mawe, migomo, maduka kufungwa, kodi kukataliwa. Hawa hawakuwa wanajeshi wa PLO walio ng'ambo. Walikuwa watu wanaoamka chini ya jeshi kila siku, na wengi hawakuwa wakidai Haifa na Jaffa, walidai jeshi litoke kwao. Shinikizo hilo likawafikia wakubwa. Tarehe 15 Novemba 1988, Algiers, Arafat akatangaza nchi ya Palestina, na tangazo lenyewe, lililoandikwa na mshairi Mahmoud Darwish, likataja lile Azimio 181 la 1947. Miaka 41 kufika pale. Israel nako, askari wa akiba waliorudi nyumbani kutoka vichochoro vya Gaza walianza kujiuliza tunafanya nini kule. Mimi naona hapo ndipo wazo lilipata wenyewe.

Tarehe 13 Septemba 1993, bustani ya Ikulu ya Marekani, Yitzhak Rabin na Arafat wakashikana mikono, Clinton akiwa katikati amefungua mikono kama kasisi kwenye harusi. Rabin huyu alikuwa mkuu wa majeshi 1967 na waziri wa ulinzi wakati wa Intifada, si mtu wa kuimba nyimbo za amani. Gaza na Jericho watu walimwagika barabarani na bendera ya Palestina, ambayo kabla ya hapo kuipeperusha tu kungekuingiza ndani. Kuna vijana waliowapa askari wa Israel matawi ya mzeituni. Utafiti wa maoni ulikuwa ndio unaanza Palestina, na karibu theluthi mbili walisema wanaunga mkono makubaliano. Januari mwaka huo ile sheria ya kufunga watu kwa kuongea na PLO ilikuwa imefutwa. Novemba, Abie Nathan akaizamisha meli yake baharini. Ilikuwa na madeni, ni kweli, lakini pia aliona kazi imekwisha.

Sasa soma makubaliano ya Oslo. Mimi nimeyasoma, si marefu. Tafuta maneno "nchi ya Palestina". Hayamo. Arafat aliitambua Israel na haki yake ya kuishi. Rabin aliitambua PLO kama mwakilishi wa Wapalestina, basi. Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka, yote yalisukumwa mbele, yakamilishwe ndani ya miaka mitano. Oktoba 1995 Rabin aliliambia Bunge lake kwamba anachokiona mwishoni ni kitu kilicho chini ya nchi kamili. Kwa hiyo watu barabarani walikuwa wakishangilia kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Sisemi walidanganywa moja kwa moja. Nasema waliweka imani yao kama rehani.

Na rehani ikaanza kuliwa. Februari 1994, mlowezi anayeitwa Baruch Goldstein aliingia Msikiti wa Ibrahimi kule Hebron, watu wakiwa kwenye sala, akaua 29. Aprili, Hamas ikaanza mabomu ya kujitoa mhanga ndani ya Israel. Tarehe 4 Novemba 1995 Rabin alihutubia mkutano mkubwa wa amani Tel Aviv, akashuka ngazi kuelekea gari lake, na Myahudi mwenzake, Yigal Amir, akampiga risasi. Mkutano ule ulikuwa wa watu, makumi ya maelfu waliokuja kusema tunaunga mkono. Basi.

Bado haikuwa imekufa. Shimon Peres alichukua nafasi na alikuwa akiongoza. Halafu tarehe 25 Februari 1996 basi la laini 18 likalipuliwa Jerusalem. Wiki moja baadaye, laini hiyo hiyo 18, tena. Kesho yake, bomu karibu na duka kubwa la Dizengoff, Tel Aviv. Kama watu 60 walikufa ndani ya siku tisa. Wewe unayepanda matatu moja kila asubuhi, hebu fikiria ni laini yako, imelipuliwa mara mbili kwa wiki, na mwanasiasa anakuja kukuambia vumilia kidogo, amani inakuja. Mei, Benjamin Netanyahu alimshinda Peres kwa kura zisizofika 30,000 nchi nzima.

Upande wa Palestina hakukuwa na bomu la basi, kulikuwa na lori la saruji. Mwaka 1993 walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Kufikia 2000 walikuwa karibu laki mbili. Hii ni miaka ya amani nakuambia, miaka ya kushikana mikono. Ukingo wenyewe ulikatwa vipande A, B na C, na C, kama asilimia 60 ya ardhi, ikabaki chini ya Israel moja kwa moja. Vizuizi barabarani vikaongezeka. Mtu wa Ramallah aliyeambiwa nchi inakuja alikuwa anaiona inapungua akiwa amekaa dirishani.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na ushahidi wake, tena ushahidi wa kweli, kwamba yule mwingine hamaanishi. Ndiyo maana sipendi watu wakisema "chuki za tangu zamani za Biblia." Hapana. Hii ni miaka saba, 1993 hadi 2000, unaweza kuipitia tarehe kwa tarehe.

Camp David, Julai 2000, ilivunjika. Septemba, Ariel Sharon alitembelea uwanja wa Al-Aqsa na Intifada ya pili ikalipuka. Hii haikuwa ya mawe. Wapalestina zaidi ya 3,000 na Waisraeli kama 1,000 walikufa hadi 2005, na ukuta ukaanza kujengwa 2002.

Na bado, katikati ya huo moto, kuna kitu ambacho hakuna mtu huweka kwenye video zake. Ami Ayalon, mkuu wa zamani wa idara ya usalama wa ndani ya Israel, na Sari Nusseibeh, profesa Mpalestina wa falsafa Jerusalem, waliandika ukurasa mmoja tu: nchi mbili, mipaka ya 1967 ikibadilishana vipande, Jerusalem mji mkuu wa wote wawili, wakimbizi warudi kwenye nchi ya Palestina. Hawakwenda kwa mawaziri. Walikwenda kuomba sahihi za raia. Mamia ya maelfu ya watu, pande zote mbili ukijumlisha, walitia sahihi, mabasi yakilipuka na vifaru vikiwa mitaani. Ukiniambia hao watu hawajawahi kutaka, nitakuletea hizo sahihi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. 2005 Israel ikaondoa walowezi kama 8,000 Gaza, lakini bila kukubaliana na mtu. Januari 2006 Hamas ikashinda uchaguzi, viti 74 kati ya 132. 2007 ikaishika Gaza kwa bunduki, Israel na Misri zikaibana. Palestina yenyewe ikawa mbili, na makombora na vita vikawa kama misimu ya mvua. Netanyahu alikubali kwa mdomo nchi ya Palestina isiyo na jeshi mwaka 2009, na usiku wa kuamkia uchaguzi wa 2015 akasema haitakuwepo akiwa madarakani.

Rudi sasa kwa zile 61 na 59 za 2012. Wakati watu wengi wanasema ndiyo, tayari kuna ukuta, Gaza imefungwa, mazungumzo hayapo. Ndiyo yao ilikuwa ya mtu anayeulizwa kama angependa mvua inyeshe. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipa Palestina hadhi ya nchi mwangalizi, kura 138 kwa 9, Kenya ikiwemo kwenye ndiyo. Sherehe kubwa. Lakini kizuizi cha barabarani kesho yake kilikuwa palepale.

Kilichofuata si kwamba watu walibadilika roho. Walikufa wazee, wakaja vijana. Zamani Wapalestina zaidi ya laki moja walikuwa wanaingia Israel kufanya kazi kila siku. Walijua Kiebrania, walijua bosi mbaya na bosi mzuri. Leo kijana wa Nablus Mwisraeli anayemjua ni askari ama mlowezi. Kijana wa Ashkelon anamjua Mpalestina kwa sauti ya king'ora. Tafiti zinaonyesha vijana, pande zote mbili, wako mbali na hili wazo kuliko wazazi wao. Hilo ndilo linanikata mimi, sababu ni watu wa rika letu. Na Wapalestina hawajapiga kura ya kitaifa tangu 2006. Mahmoud Abbas alichaguliwa 2005 kwa miaka minne, bado yupo. Mtu wa miaka 30 pale hajawahi kuchagua mtu yeyote wa kumsemea juu ya haya mambo.

Desemba 2022, kituo cha utafiti cha PSR kule Ramallah na Chuo Kikuu cha Tel Aviv waliuliza pamoja. Wanaounga mkono: Wapalestina 33, Wayahudi wa Israel 34. Na zaidi ya asilimia 80 kila upande walisema yule mwingine haaminiki. Namba mbili hizo zisome pamoja. Kwa miaka kadhaa watafiti hao hao walijaribu pia kuwauliza waliosema hapana: na kama wafungwa wote wakiachiliwa? Na kama ushirikiano wa usalama utaendelea? Sehemu nzuri yao walibadilisha jibu papo hapo. Hapana ya wengi ilikuwa hapana ya mtu anayeogopa kuchezewa, si ya mtu asiyetaka.

Tarehe 4 Oktoba 2023, wanawake wa Israel wa kundi la Women Wage Peace na wanawake wa Palestina wa kundi la Women of the Sun waliandamana pamoja Jerusalem na kwenye Bahari ya Chumvi, wakidai mazungumzo. Mmoja wa waanzilishi, Vivian Silver, alikuwa akiishi Be'eri, karibu na uzio wa Gaza. Siku tatu baadaye Hamas ilivamia. Watu kama 1,200 waliuawa Israel, kama 250 wakatekwa. Vivian Silver alikuwa kati ya waliouawa. Kisha vita vya Gaza, ambako Wizara ya Afya ya huko ilihesabu waliouawa zaidi ya 60,000 kufikia 2025. Kumbuka ile 24 ya Gallup kwa Wapalestina ilipimwa kabla ya hayo yote. 25 ya Waisraeli ilipimwa baada ya tarehe 7. Kwa hiyo usiniambie vita ndivyo vilileta kila kitu.

Julai 2024 Bunge la Israel lilipiga kura 68 kwa 9 kupinga nchi ya Palestina. Mwezi huo huo, utafiti wa pamoja: Wayahudi wa Israel 21 tu. Walowezi wa Ukingo wa Magharibi sasa ni zaidi ya nusu milioni. Na huko juu? Septemba 2025 Baraza Kuu likapitisha Azimio la New York la mataifa mawili, kura 142 kwa 10. Siku chache baadaye Uingereza, Canada, Australia, Ureno na Ufaransa zikaitambua Palestina. Uingereza, ile ya kalamu na rula ya 1937.

Lakini kuna namba moja ambayo sijaacha kuifikiria. Machi 2024 PSR iliwahoji watu Gaza vita vikiendelea, wengi wao wakiwa kwenye makazi ya muda kwa sababu nyumba hazipo. Katikati ya maswali ya nani kakufia, una chakula cha siku ngapi, wakafika kwenye swali la nchi mbili. Ukingo wa Magharibi, waliosema ndiyo walikuwa kama theluthi moja. Gaza walikuwa zaidi ya nusu.